Kopo Katikati ya Gunia

Kujaza gunia la mboga kunahitaji kopo. Kopo la maziwa ya unga lililotolewa kitako likabaki bomba husimamishwa katikati ya kiroba, likajazwa kokoto, na pembeni yake ukamwagwa udongo uliochanganywa na samadi. Udongo ukifika usawa wa mdomo wa kopo, kopo huvutwa juu taratibu, na kokoto hubaki zimesimama ndani ya udongo kama nguzo. Kopo huwekwa tena juu ya nguzo ile, likajazwa, likavutwa, hadi gunia linajaa. Nguzo hiyo ndiyo njia ya maji. Gunia lisilo nayo hulowa juu na kukauka chini: miche ya kileleni inaoza mizizi, ya kwenye matundu ya ubavuni inanyauka, na mwenye gunia anabaki kuilaumu mbegu.

Maelezo haya yakisomwa yanaeleweka. Hata hivyo, anayejaribu peke yake mara ya kwanza huvuta kopo kwa haraka nguzo ikabomoka, au hutia mawe makubwa kama ngumi, au husahau kwamba udongo hushuka ukimwagiwa maji, kwa hiyo gunia lililojaa pomoni leo halitakuwa limejaa wiki ijayo. Aliyemwona jirani akifanya, kisha akapewa kopo naye ajaribu huku wenzake wakimsahihisha, hupatia. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na mbegu wala mbolea. Unaanza na darasa lenyewe, lile la mtaani, la Jumamosi asubuhi, la watu kumi na tano waliochuchumaa kuzunguka gunia moja. Bustani nyingi za nyumbani hupandwa vizuri mara moja. Kinachozishinda ni mara ya pili, mchicha wa kwanza ukishaliwa na hamu ikishapungua. Hapo ndipo majirani wanapohitajika kuliko kipeperushi au video ya simu.

Magunia ya Kibera na mashamba darasa

Mfano wa kilimo cha magunia unaojulikana sana Afrika Mashariki ni wa Kibera, Nairobi. Vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilikata njia za chakula, bei zikapanda, na familia zilizoishi kwa kibarua cha siku zikaumia kuliko wengine. Mwaka 2008 shirika la misaada la Kifaransa, Solidarités International, lilianza kuwapa wakazi miche pamoja na mafunzo ya kulima kwenye magunia. Nyumba nyingi za Kibera hazina ua. Vijia vyake ni vyembamba. Lakini gunia hukaa mahali pa ndoo kubwa, na ubavu wake wote ni shamba: sukuma wiki juu, mchicha na spinachi kwenye matundu ya pembeni. Watafiti waliozungumza na wakulima hao miaka michache baadaye walikuta mboga za aina nyingi zaidi kwenye milo yao. Walikuta pia uhusiano wa majirani umekazwa na magunia yale, watu wakipeana mboga na kutegemeana. Katika mtaa uliokuwa umetoka kugawanywa na siasa hadi damu ikamwagika, faida hiyo ya pili haistahili kutajwa kama nyongeza tu.

Mbinu yenyewe ya kufundishana hivi ina historia. Mwaka 1989, nchini Indonesia, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikuwa likihangaika na wadudu waliokuwa wakimaliza mpunga. Dawa zilizopigwa kwa wingi zilikuwa zimewaua pia wadudu walinzi wanaokula wadudu waharibifu, kwa hiyo kila duru ya dawa ilifuatiwa na balaa kubwa zaidi. Badala ya kuwahutubia wakulima, wataalamu waliwakusanya shambani mara moja kwa wiki, msimu mzima. Wakulima walihesabu wadudu, wakachora walichokiona, wakajadili, kisha wakaamua wenyewe cha kufanya. Utaratibu huo ulifika Afrika Mashariki miaka ya 1990, na Tanzania ukapata jina zuri, shamba darasa. Jina hilo limebeba maana yote: ubao wa kuandikia ni tuta, na mtihani ni mavuno.

Serikali nazo zimejaribu kwa njia zao. Rwanda imehimiza kila kaya iwe na akarima k'igikoni, yaani bustani ya jikoni, kama sehemu ya vita dhidi ya utapiamlo. Kenya ilizindua mwaka 2020, katikati ya janga la korona, mpango wa bustani za jikoni milioni moja. Tanzania ilikuwa na Siasa ni Kilimo ya mwaka 1972 na Kilimo cha Kufa na Kupona kilichofuata baada ya ukame wa miaka ile. Na katika miaka ya 1980, mshahara ulipokuwa hautoshi hata wiki mbili, wafanyakazi wengi wa Dar es Salaam walilima mchicha na kufuga kuku nyuma ya nyumba zao. Watu wa umri fulani wanakumbuka vizuri. Ujuzi ule haukuwa na shahada, na sehemu kubwa yake bado iko vichwani mwa wazee wa mtaa wanaosubiri kuulizwa.

Kulitafuta darasa, au kulianzisha

Anza na ofisi ya kata. Kwa Tanzania, kata inatakiwa kuwa na afisa ugani, na hata mjini wapo. Watu wengi hawawatafuti kwa sababu wanadhani bwana shamba au bibi shamba ni wa vijijini. Uliza pia kwenye kliniki ya mama na mtoto, kwenye msikiti au kanisa, na katika shule ya msingi ya jirani, kwa kuwa shule nyingi zina bustani na walimu wanaoijua. Aliye karibu na Morogoro ana bahati ya kuwa na kituo cha mafunzo ya kilimo hai cha Sustainable Agriculture Tanzania huko Vianzi. Aliye Arusha ana Kituo cha Mboga cha Dunia, tawi lake la Tengeru, lililohifadhi mbegu za mboga nyingi za asili za Afrika. Na kikundi kinachopenda kusoma pamoja kina jarida la Mkulima Mbunifu, linaloandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya wakulima wadogo.

Kama hakuna darasa karibu, lianzishwe. Mashamba darasa ya kijijini huchukua watu ishirini hadi thelathini, lakini ua wa mjini hauwezi, na kumi hadi kumi na tano wanatosha kabisa. Njia rahisi ni kuliingiza darasa ndani ya kikundi kilichopo tayari. Kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, kinachokutana kila wiki kina daftari, kina mweka hazina, kina utaratibu wa faini kwa wachelewaji, na wanachama wake wameshajuana tabia. Nusu saa ya mboga kabla ya kuhesabu hisa haimchoshi mtu.

Jambo moja lisiachwe hewani: darasa litakuwa uani kwa nani? Wengi huchagua ua mmoja wenye maji na geti, na hapo bustani inakuwa ya mwenye ua; wengine wanakuwa wageni wanaokuja kumsaidia kupalilia. Utaratibu bora ni kuzunguka. Wiki hii kwa mama fulani ambaye ua wake una kivuli cha mwembe, wiki ijayo kwa baba fulani mwenye kibaraza cha saruji kisicho na hata kiganja cha udongo, nyingine kwa mpangaji mwenye dirisha na ngazi tu. Kila nyumba ina swali lake, na darasa linalozunguka hujikuta limejibu maswali kumi na mbili mahali pa moja. Mwanachama ambaye wenzake watafika kwake Jumamosi ijayo pia hupalilia Ijumaa. Hilo halihitaji maelezo.

Mwalimu si lazima awe na cheti. Wangari Maathai alipoanzisha harakati ya Green Belt mwaka 1977, wataalamu wa misitu walitilia shaka kama wanawake wa vijijini wangeweza kuotesha miti bila wasomi wa kuwasimamia. Wanawake wale waliotesha, kwa akili zao na vyombo vilivyovunjika, na miche yao ikawa mamilioni. Kwa mboga za nyumbani ni vivyo hivyo. Afisa ugani aje mara moja kwa mwezi kusahihisha na kujibu yaliyoshinda. Wiki nyingine afundishe yeyote ambaye matembele yake yamestawi.

Ujihadhari na darasa la siku moja. Wageni wanakuja na fulana, mbegu za bure zinagawiwa, picha zinapigwa, na mwezi wa tatu magunia yamebaki na nyasi. Kabla hujajiandikisha, uliza swali moja tu: msimu ujao tutapata wapi mbegu? Darasa lenye jibu la swali hilo lina nia ya kubaki. Uliza pia kama mwalimu anauza dawa. Anayefundisha huku akiwa na chupa za kuuza mkobani atauona kila ugonjwa kuwa unatibiwa na chupa.

Maji na udongo kwanza

Somo la kwanza liwe la usalama, hata kama wanachama wana haraka ya kupanda. Mboga za majani hunyonya kilichomo kwenye udongo na maji, kizuri na kibaya. Tafiti zilizofanywa kwenye mboga za bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, zimekuta madini mazito kama risasi, yanayotoka viwandani, kwenye gereji na mitaro ya mji. Risasi haionekani kwenye jani, haiondoki yote kwa kuosha, na mtoto mdogo huathirika nayo akili kuliko mtu mzima. Kwa hiyo darasa lizunguke mtaa mzima likitazama. Wapi palikuwa gereji? Wapi palichomwa betri na nyaya? Ukuta upi una rangi ya zamani inayomomonyoka? Mfereji huu unatoka wapi? Udongo wa mahali pa mashaka usitumike. Uletwe udongo mwingine, upandwe kwenye gunia au ndoo, na hapo ndipo gunia linapokuwa kinga, mbali na kubana nafasi. Uliza pia kuhusu sheria: Nairobi ina yake ya kilimo cha mjini, ya mwaka 2015, iliyoweka utaratibu wa wanaolima jijini; miji mingine ina kanuni zake, na ofisi ya kata itakueleza zipi zinakuhusu.

Maji ya kuoshea mchele na mboga ni mazuri, yamwagwe bustanini badala ya kumwagwa mtaroni. Maji yenye sabuni ya unga au dawa ya kung'arishia nguo yasitumike. Kujua kama mmea una kiu, chomeka kidole kwenye udongo hadi kifundo cha pili. Kikitoka na unyevu, acha. Mimea mingi ya nyumbani hufa kwa maji mengi kuliko kwa kiu, kwa sababu kumwagilia ndiyo kazi pekee ambayo kila mtu nyumbani anaikumbuka, na watu watatu wanaweza kuifanya siku moja bila kuambizana.

Samadi iive. Hili lifundishwe kwa mkono na pua: samadi iliyoiva haina joto, hainuki, na inamomonyoka vidoleni kama udongo wa msituni. Ya kuku ikiwa mbichi huunguza mizizi na kuua miche kwa siku chache. Kwa ndoo moja ya samadi, weka ndoo mbili au tatu za udongo. Kama udongo wako ni mfinyanzi, ongeza mchanga kidogo. Ukanda wa pwani una shida iliyo kinyume. Mchanga wake hauzuii maji, na dawa yake ni mboji nyingi. Mboji hutengenezwa kwa maganda ya jikoni, majani makavu, majivu kidogo na samadi, yakirundikwa kwa tabaka, kulowanishwa na kugeuzwa kila baada ya wiki moja au mbili. Lundo likifanya kazi hupata joto hata ukichomeka fimbo katikati na kuichomoa baada ya dakika kadhaa, fimbo inatoka ya moto. Baada ya miezi miwili au mitatu linakuwa tayari.

Neno kwa wapangaji. Gunia la kilo hamsini likishajazwa udongo na kumwagiwa halihamishiki, na mwenye nyumba akisema ondoka mwezi ujao, bustani inabaki. Tumia ndoo za lita ishirini zilizotobolewa chini. Mche mmoja wa nyanya, bilinganya au pilipili kwa kila ndoo; mchicha haudai kina, hata beseni lililopasuka lenye kina cha shubiri linautosha.

Cha kupanda, na wanaokuja kula kabla yako

Mchicha uanze. Huvunwa wiki tatu hadi nne tangu kusiwa, na mtu aliyekula cha kwanza alichopanda ndani ya mwezi mmoja hurudi darasani. Anayeanza na nyanya husubiri miezi mitatu na kukutana na kantangaze, yule mdudu anayechimba njia ndani ya majani na matunda ya nyanya, na wengi huishia hapo. Matembele hayahitaji hata mbegu. Kipande cha shina kutoka kwa jirani, kilichochomekwa kwenye udongo wenye unyevu, kinatosha, na ukichuma ncha zake yanazidi kutoa. Sukuma wiki inadai subira zaidi, kitaluni wiki nne hadi sita kabla ya kupandikizwa, lakini ikishika huchumwa majani ya chini miezi mingi.

Darasa la mjini lina hazina ambayo shamba la kijiji kimoja halina: watu wa mikoa yote wanakaa mtaa mmoja. Mtu wa Dodoma anajua kuukausha mlenda ukakaa hadi kiangazi. Mtu wa Tanga anajua kisamvu. Aliyekulia Kagera au kwa Wakisii atataja mnavu na mgagani, mboga chungu ambazo watoto wa mjini hawajawahi kuzionja. Mwambie kila mmoja aje na mbegu au pando moja la kwao akirudi kutoka likizo. Kwa miaka miwili, darasa la watu kumi na tano linaweza kuwa na benki ya mbegu ambayo duka la pembejeo la mtaa halina.

Halafu kuna wadudu, na hapa ndipo darasa linapolipa kuliko mahali popote. Pindua jani la sukuma wiki lililojikunja. Chini yake kuna vumbi la kijivu linalosogea. Hao ni vidukari, wadogo kama kichwa cha pini, midomo yao imechomekwa kwenye mishipa ya jani wakinyonya utomvu. Jike huzaa watoto hai bila dume, kwa hiyo mmoja wa leo ni ukoo mzima wiki ijayo. Mara nyingine sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina. Hawali sukuma, wanafuata maji matamu yanayotoka kwa vidukari, na kwa sababu hiyo huwalinda. Sasa tazama vizuri katikati ya kundi. Kuna mdudu mweusi mrefu, mwenye madoa ya rangi ya chungwa, mwenye sura ya mamba mdogo sana. Karibu kila anayemwona mara ya kwanza humponda, kwa vile ndiye anayetisha kuliko wote. Yeye ndiye mlinzi. Ni mtoto wa yule mdudu wa duara, mwekundu mwenye madoa meusi, na hula vidukari wengi mno kabla hajakua na kupata mbawa.

Hakuna kipeperushi kinachofundisha hilo vizuri kama jani lenyewe likipitishwa mkono kwa mkono. Aliyemjua mlinzi wake hatanyunyiza sumu ovyo. Atapangusa vidukari kwa kidole au maji yenye kipande kidogo cha sabuni ya mche. Wakizidi, atatwanga majani ya mwarobaini, ayaloweke usiku kucha, achuje na kunyunyiza jioni, kwani jua huidhoofisha dawa hiyo. Jirani atakayekuwa amejaribu wiki iliyopita atamwambia kama ilifanya kazi, na kwa kipimo kipi.

Kutoka tutani hadi chunguni

Madarasa mengi huishia kwenye mavuno, nalo ni kosa. Somo la mwisho la kila mwezi liwe la jikoni, kwa wanaume na wanawake pamoja, jiko likiwashwa palepale uani. Vitamini A ya mchicha na matembele huhitaji mafuta kidogo ili mwili uipokee, kwa hiyo kijiko cha mafuta au karanga za kusaga ni sehemu ya lishe. Madini ya chuma ya mboga huingia mwilini vizuri zaidi yakifuatana na limau, chungwa au embe bichi, na huzuiwa na chai inayonywewa juu ya chakula. Mama mjamzito anayekunywa chai ya rangi kila baada ya mlo anastahili kuambiwa aisogeze mbele saa moja au zaidi. Kuchemsha mchicha na kumwaga maji yake ni kumwaga vitamini. Kisamvu kina kanuni yake: kitwangwe, kichemshwe muda mrefu sufuria ikiwa wazi, maana kikiwa kibichi kina sumu inayotoka kwa kutwangwa na kwa mvuke.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale walau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kaya nyingi za mjini ziko chini ya hapo, na si kwa kutopenda. Fungu la mboga hushindana na unga, mkaa na nauli. Mwaka 2022, uchunguzi wa kitaifa wa afya Tanzania ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mboga peke yake haimalizi udumavu, ambao una mizizi pia kwenye maji machafu, maradhi ya kuhara, uhaba wa protini na unyonyeshaji usiopewa nafasi. Lakini ndiyo sehemu ya sahani ambayo mtu mwenye ndoo tatu anaweza kuibadilisha mwezi huu. Kikundi kikipata nafasi, kiongeze viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, kwani kiazi chenyewe kina vitamini A na majani yake huliwa kama matembele.

Kuhusu pesa, usidanganywe. Gunia moja halimtajirishi mtu, na darasa linaloahidi biashara kubwa kutoka kwenye ndoo linawapotezea watu muda. Kazi ya gunia ni kupunguza kinachotoka mfukoni. Fanya hesabu yako mwenyewe: kwa mwezi mmoja kabla ya kuanza, andika kwenye daftari kila fungu la mboga ulilonunua na bei yake. Andika hivyo hivyo mwezi wa tatu wa bustani. Wanachama wakisoma hesabu zao kwa sauti mbele ya wenzao, tofauti itajitokeza yenyewe, pamoja na makosa. Yupo atakayegundua kwamba mbolea aliyonunua imezidi thamani ya mboga, na darasa zima litajifunza kupitia kwake bila kila mtu kupata hasara ileile.

Watoto waachiwe kazi ya kweli. Kupewa ndoo yake, jina lake likaandikwa juu yake, humfanya mtoto wa miaka saba ale mboga aliyokuwa anaikataa. Wazee nao wapewe kiti kivulini na kazi ya kitalu, inayotaka jicho na utulivu zaidi ya mgongo. Kuku wa jirani azungumziwe mapema, kabla hajafukua, maana ugomvi wa kuku umevunja vikundi vilivyokuwa vinaelewana. Chandarua kilichochakaa, kikifuliwa vizuri na kufungwa kwenye vijiti vinne, huwazuia kuku na huvunja ukali wa jua la saa sita.

Mbegu ya msimu wa pili

Katika mwezi wa pili tangu kusia, mchicha unapoanza kuzeeka, wengi hung'oa wote na kula. Darasa likubaliane kila nyumba iache mashina mawili au matatu. Yasiwe yale yaliyotoa maua mapema, kwa sababu mbegu zake zitazaa mchicha unaokimbilia maua kabla ya kuwa na majani. Yaachwe yaliyochelewa, yenye majani mapana na yasiyoguswa na wadudu, na mchicha wa miiba unaoota wenyewe karibu ung'olewe usije ukachanganya uzao. Masuke yakianza kudondosha mbegu ukiyagusa, hukatwa asubuhi, hutandazwa kivulini juu ya kanga au gazeti siku kadhaa, husuguliwa kwa viganja, kisha hupepetwa kwenye ungo. Zinazobaki ni chembe nyeusi zinazong'aa, ndogo mno. Kijiko cha chai kimoja kina mbegu za kutosha matuta kadhaa.

Zitiwe kwenye chupa kavu yenye kifuniko, na karatasi ndani yake iandikwe jina la mboga, nyumba ilikotoka na mwezi. Vuli huanza Oktoba katika sehemu nyingi za pwani, masika Machi. Kikao cha darasa cha wiki mbili kabla ya mvua kiwe cha chupa tu: kila mmoja aweke yake mkekani, asimulie ilivyomwendea, apime kijiko kwa kila jirani, na aondoke na chupa ambayo ndani yake mna mbegu za nyua kumi na tano.